Mwezi utapatwa huku ukizama: namna ya kuuona ukiwa Lubumbashi, alfajiri ya 28 Agosti 2026

Alfajiri ya Ijumaa, 28 Agosti 2026, mwezi mpevu utaingia kwenye kivuli cha dunia, na kivuli hicho kitafika hadi asilimia 93 ya upana wake. Kwetu Lubumbashi habari hii ina mtego. Kilele, yaani wakati kivuli kimemeza sehemu kubwa kabisa, ni saa 06:13. Siku hiyo jua linachomoza kama 06:16, na mwezi unazama dakika moja hivi baadaye. Ukiamka kwa ajili ya kilele utakuta anga jeupe na mwezi umejificha nyuma ya bati la jirani. Chetu sisi ni kipindi cha kati ya 05:00 na 05:45, na mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya dakika hizo 45.

Nayajua haya kwa sababu yalinikuta. Tarehe 16 Mei 2022 mwezi ulipatwa wote, na hapa ulianza kumezwa kabisa saa 05:29. Nilikuwa uani, Katuba, blanketi begani. Nilikuwa nimesoma kwamba kilele ni 06:11, basi nikaona kuna muda, nikaingia ndani kuchochea mbabula, yaani jiko la makaa, na kuchemsha chai. Nilipotoka na kikombe mkononi, mwezi haukuwepo. Haukuwa umezama bado; ulikuwa umefifia mno, na anga lilipopauka kidogo tu ukayeyuka ndani yake, halafu mwembe wa jirani ukamalizia. Mama mdogo hakuingia ndani. Ndiye aliyenieleza ile rangi: kama udongo wa kichuguu ulionyeshewa mvua. Mimi sikuiona.

Kwanza, hakikisha ni saa ya wapi

Nchi yetu ina saa mbili, na Kinshasa iko saa moja nyuma yetu. Tangazo la kitaifa likisema mwezi utaanza kupatwa 03:33 na kilele ni 05:13, hiyo ni saa ya Kinshasa. Mtu wa Lubumbashi akiifuata hivyo hivyo atatoka saa moja kabla, atakuta mwezi mzima unang'aa, atasema wametudanganya na kurudi kulala. Ongeza saa moja. Ndugu zetu wa Kinshasa wana bahati: wao watakiona kilele mwezi ukiwa bado juu, kama dakika 45 kabla haujazama. Wa Kolwezi nao mwezi utawazamia kama dakika nane baada yetu, na dakika nane hapa ni mali. Goma na Bukavu unazama mapema kuliko kwetu, halafu kuna milima, kwa hiyo wao wasingojee hata 05:45.

Kama una mtu Ubelgiji, mwezi wa nane saa yao ni sawasawa na yetu. Mnaweza kupigiana simu na kulinganisha mnachokiona dakika kwa dakika. Mwezi wao utakuwa bado uko juu kidogo wakati wetu umekwisha.

Saa nimeziandika kama simu inavyozionyesha. 04:33 ni saa kumi na dakika 33 za alfajiri kwa hesabu ya nyumbani. Mambo yatakwenda hivi, kwa saa ya Lubumbashi:

- 03:23 hivi: mwezi unagusa kivuli hafifu. Macho hayatambui kitu. Lala.
- 04:33: kivuli kizito kinauma ukingo wa juu wa mwezi. Mwezi uko karibu ngumi mbili na nusu juu ya upeo wa macho.
- 05:00: theluthi ya upana imefunikwa. Kimo karibu ngumi mbili.
- 05:15: nusu. Ngumi moja na nusu.
- 05:30: asilimia 70. Ngumi moja na kidogo. Mashariki kumeanza kupauka.
- 05:45: zaidi ya asilimia 80. Robo tatu ya ngumi.
- 06:00: asilimia 90. Upana wa vidole gumba viwili tu.
- 06:13: kilele, mwezi uko kwenye vichwa vya miti.

Hizo ngumi ni kipimo cha kweli. Nyoosha mkono wote mbele yako, kunja ngumi, funga jicho moja: upana wa ngumi ni karibu nyuzi 10 za anga. Vidole vitatu vya kati vikishikana ni karibu nyuzi 5, kidole gumba ni 2. Mtoto ana mkono mfupi na ngumi ndogo, kwa hiyo kipimo kinamfaa na yeye vile vile. Mwezi unapokaribia kuzama hushuka karibu nyuzi moja kila dakika nne, hivyo kila kidole gumba ni dakika nane. Kumbuka hesabu hiyo, tutaihitaji.

Pili, tafuta magharibi iliyo wazi

Kupatwa kwa mwezi usiku wa manane unaweza kukutazama umelala kwenye mkeka uani. Huku hakukubali uvivu huo. Ukiwa chini kwenye mkeka, ukuta wa mita tatu ulio mita kumi mbele yako unakula karibu ngumi moja na nusu ya anga, yaani kila kitu baada ya 05:15. Pima leo, usingoje.

Mwelekeo unapatikana hivi: jioni ya tarehe 27, au hata siku mbili tatu kabla, angalia jua linazama wapi. Nyoosha mkono na uhesabu ngumi mbili kwenda kushoto kwa pale. Hapo ndipo mwezi utakapozama, kushoto kidogo kwa magharibi kamili. Weka alama: nguzo ya umeme, mnazi, kona ya paa. Hapo pakiwa na jengo, hama.

Mji wetu uko kwenye nyanda za juu, karibu mita 1,200, na nje kidogo ya nyumba ardhi ni tambarare, jambo ambalo watu wa Kivu wangetuonea wivu. Upande wa Kasapa ukishapita chuo kikuu, na barabara ya Kipushi, ndiko ninakokuamini zaidi, kwa sababu ukiangalia magharibi unaangalia pori na mji unauacha nyuma yako au pembeni. Anayekaa Ruashi yuko mashariki, na macho yake yatapita juu ya mji mzima, taa zake na moshi wake. Akiweza kulala kwa ndugu upande wa pili usiku huo, alale.

Usidharau kichuguu. Vichuguu vyetu vya Katanga vinapanda mita kadhaa, na mtu akisimama juu ya kimoja anavuka vichaka na ukuta mfupi. Chagua kikavu, kilichosafishwa, na ukague mchana kama hakina nyoka wala mashimo. Kuhusu terril, yaani kilima cha mabaki ya madini, na maeneo ya viwanda na migodi: usipande, usiingie, hata kama toka juu mtu angeona hadi Kipushi. Ni mali inayolindwa, na mlinzi anayemkuta mtu gizani haulizi kuhusu nyota.

Tatu, jaribio la machweo

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole, maana hali ya anga ndiyo itakayoamua, na mwishoni mwa Agosti adui yetu mkubwa si mvua. Mvua bado. Ni moshi. Watu wanachoma pori, makala (makaa ya kupikia) yanachomwa, vumbi limekaa hewani tangu Juni, na alfajiri hewa ya baridi hulala chini na kuufunika moshi kama kifuniko cha sufuria. Ongeza mbabula za mji mzima zinazowashwa kuanzia saa kumi na moja. Anga la juu linaweza kuwa safi, nyota zimejaa, na bado chini kabisa magharibi kuna ukuta wa kijivu usiouona mpaka mwezi uingie ndani yake.

Sababu ni rahisi. Ukitazama juu utosini, macho yanapita kwenye unene mmoja wa hewa. Ukitazama kitu kilicho ngumi moja juu ya upeo, unapita kwenye hewa zaidi ya mara tano ya hiyo. Kwenye upeo wenyewe ni karibu mara 38. Moshi mwepesi ukizidishwa hivyo unakuwa pazia.

Basi jioni za tarehe 25, 26 na 27 fanya hivi. Jua likishuka, usilikodolee macho likiwa bado linachoma, na usilielekezee darubini kabisa. Lingoje liwe mpira mwekundu usioumiza. Angalia: linafika hadi kwenye miti, au linamezwa na ukungu wa kijivu kabla? Likimezwa, pima kwa vidole ni kimo gani. Tuseme limepotea vidole vitatu juu ya upeo, nyuzi 5. Jua ni kali kuliko mwezi wowote, na mwezi uliopatwa ni dhaifu kuliko mwezi mzima, kwa hiyo kimo hicho mimi hukizidisha mara mbili: nyuzi 10. Mara dakika nne ni dakika 40 kabla ya kuzama, yaani mwezi utanipotea kama 05:37. Sasa najua. Sitapoteza chaji ya simu kungoja saa kumi na mbili.

Jaribio bora zaidi ni la asubuhi ya tarehe 27, siku moja kabla. Mwezi utakuwa karibu mpevu na utazama dakika 40 hadi 50 mapema kuliko kesho yake, kushoto kidogo zaidi. Amka saa kumi na moja kasoro robo, simama pale pale utakaposimama kesho, uutazame ukishuka. Mahali utakapofifia ndipo mpaka wako. Na utajua pia kama mbwa wa jirani wanakubali mtu kusimama nje saa hizo.

Mawingu

Picha za setilaiti za Meteosat zinapatikana kwenye intaneti na zinabadilishwa kila baada ya dakika chache. Usiku tumia zile za joto, maana hazihitaji mwanga wa jua. Zinaonyesha vizuri mawingu ya juu. Ukungu wa chini na moshi zinaukosa, kwa hiyo usizitegemee peke yake. Programu ya simu inayokuandikia “wazi” kwa mji mzima haijui magharibi yako.

Mwezi ukiwa na duara kubwa la mwanga kuuzunguka jioni ya tarehe 27, kuna utando mwembamba wa wingu juu. Huo haukatazi kutoka. Kivuli kitaonekana kupitia humo, rangi ndiyo itapungua. Mawingu yaliyokatika vipande ni mtihani wa subira: mwezi utaingia na kutoka, na dakika moja ya uwazi saa 05:25 inatosha kukulipa usingizi wako. Wingu zito lililofunika magharibi yote saa 04:15, na nyota hazionekani hata upande mmoja, hapo rudi kitandani, lakini weka kengele ya 05:10 uangalie mara moja zaidi. Nimeshaona utando ukifunguka kwa robo saa na kujifunga tena.

Vya kubeba, na usalama

Koti, kofia, chai kwenye chupa (ichemshe usiku, usirudie kosa langu), kitu cha kukalia maana umande unalowesha, tochi iliyofungwa kitambaa chekundu ili macho yasipoteze mazoea ya giza, simu iliyojaa chaji tangu mchana kwa sababu umeme hauna ahadi. Darubini ya macho mawili ukiwa nayo ni neema, hata ndogo. Miwani maalumu ya kupatwa kwa jua haihitajiki. Mwezi unatazamwa kwa macho matupu, watoto kwa wazee, hauumizi.

Usitoke peke yako. Saa kumi za usiku si saa za kutembea na simu mkononi kwenye barabara tupu. Mjulishe mkubwa wa avenyu siku mbili kabla, kusanyikeni watu sita au kumi, na anayekwenda nje ya mji alale hukohuko au apange usafiri na mtu anayemfahamu. Usielekeze kamera upande wa kambi, uwanja wa ndege au mgodi, hata kama mwezi uko hapo juu yake.

Alfajiri yenyewe

Fika 04:20. Yazoeshe macho. Kabla kivuli kizito hakijagusa, ukingo wa juu wa mwezi utaonekana kama umepakwa moshi. Hicho ndicho kivuli hafifu kinachojionyesha mwishoni. Saa 04:33 mshike mtoto bega umwambie aangalie juu ya mwezi, kwa sababu kwetu, mwezi ukiwa magharibi unashuka, giza linaanzia juu na kuteremka. Sehemu itakayobaki na mwanga hadi mwisho ni ukingo wa chini upande wa kulia.

Kufikia 05:00 tazama mpaka wa giza. Umepinda. Ni ukingo wa dunia yetu, na Aristotle aliutumia kueleza kwamba dunia ni mviringo. Wape watoto karatasi zilizochorwa duara kwa kikombe, wajaze giza kila robo saa na kuandika saa pembeni. Michoro minne ya mtoto mmoja itaeleza mwendo wa mwezi kuliko maneno yangu.

Saa 05:15 hadi 05:40 ndio wakati wa rangi. Sehemu iliyofunikwa inapokea mwanga uliopinda kupitia hewa ya dunia. Rangi ya bluu imetawanyika njiani, nyekundu imepita. Shida ni kwamba ile sehemu inayong'aa bado inakuziba macho. Sogea mpaka ukingo wa ukuta au tawi uufiche mwanga, au uzibe kwa ncha ya kidole kidogo, na sehemu ya giza itajitokeza kama shaba. Mtu wa mji huu anaijua shaba, hahitaji kuelezwa.

Angalizo moja: moshi nao unageuza mwezi kuwa mwekundu. Ukiwa mwekundu mwezi mzima, pamoja na ile sehemu yenye mwanga, huo ni moshi wa pori. Wekundu wa kivuli unakaa ndani ya mpaka uliopinda tu. Mara nyingi tutapata vyote viwili.

Usiingie ndani. Usirudi kuchukua kitu. Mwezi ukianza kufifia, uongoze macho kwa alama uliyoweka jana, kwa sababu ukiuacha kwa dakika mbili kuupata tena ni kazi. Upande wa kushoto, mkono wa juu kidogo, karibu ngumi mbili, kuna nyota ya peke yake inayong'aa, Fomalhaut. Nayo inasaidia kujua uko wapi, mpaka mapambazuko yaizime.

Kama anga ni safi hadi saa 06:00, geuza macho yako toka kwenye mwezi kidogo. Chini kabisa magharibi utaona ukanda wa bluu iliyokolea kijivu, na juu yake ukanda wa waridi. Ule wa bluu ni kivuli cha dunia kikiwa hewani mwetu, kinateremka kadiri jua linavyopanda nyuma yako. Ni kivuli kile kile kilichoufunika mwezi. Kukiona mahali pawili kwa wakati mmoja ni jambo ambalo mwezi unaopatwa usiku wa manane hauwezi kukupa, na ndiyo maana sisikitiki sana kwamba kilele kinatukosa.

Picha

Simu: ilaze kwenye ukuta au mfuko wa mchanga, gusa mwezi kwenye kioo, vuta mwangaza chini mpaka madoa ya mwezi yaonekane, weka kihesabu cha sekunde tatu ili kidole kisitikise. Usivute karibu mpaka mwisho, picha inakuwa uji. Picha nzuri ya simu ni ile pana ya saa 05:40: mwezi mdogo uliokatika, mti, watu wamesimama. Mwenye kamera aanze na f/8, ISO 100, 1/125 kwa sehemu yenye mwanga. Akitaka ile shaba apandishe ISO hadi 800 na sekunde moja, kwa stendi, akikubali kwamba sehemu nyeupe itaungua. Piga machache. Dakika ni 45.

Ukikosa kwa sababu ya wingu au moshi, andika 26 Juni 2029 ukutani. Siku hiyo mwezi utapatwa wote, na hapa Lubumbashi utakuwa ndani ya kivuli kuanzia 04:31 hadi 06:13, tena alfajiri, tena magharibi, tena kiangazi. Kilele kitakuwa 05:22, giza bado, na mwezi utakuwa juu ya miti. Alama yako ya mwaka huu usiitumie siku hiyo: mwezi wa Juni unazama kushoto zaidi, kwa hiyo utapima upya.